Ukipanda mashua Lamu, piga hesabu ya kurudi kabla ya kwenda

Tuseme ni Agosti. Wewe na wasee wako wanne mmekuwa mkichanga pesa tangu Machi, na hatimaye mko Lamu, mmelala Shela. Asubuhi mnaamua kwenda mjini kwa mashua ya tanga, si boti ya injini, kwa sababu picha zake zinatoka kali zaidi. Nahodha anatweka tanga, mashua inateleza. Kimya. Nywele hazipepei. Ukiweka kikombe cha chai juu ya ubao wa kukalia, hakimwagiki. Unarekodi video, unaandika chini yake kwamba maisha ndiyo haya, na kabla hujapata intaneti ya kuituma mmeshafika Lamu mjini.

Mnakula, mnazunguka vichochoroni, mnacheka na punda. Saa tisa alasiri mnarudi kwa mashua ile ile, nahodha yule yule, na upepo ni ule ule wa asubuhi. Lakini sasa mambo ni mengine kabisa. Mashua imelala ubavu. Maji ya chumvi yanawapiga usoni. Mlingoti unalia. Nahodha anawapigia kelele, "Njooni huku juu! Juu!" na mwenzenu mmoja ambaye hajui kuogelea ameushika ubao kwa mikono miwili, hasemi kitu. Nusu saa imepita na ukitazama nyuma, bado unaziona zile nyumba za mbele ya bahari, karibu kabisa.

Hakuna aliyekudanganya asubuhi. Ni kwamba chombo kidogo cha tanga kina tabia mbili, na ile ya kwanza inakuficha ya pili. Watu wanaoingia kwenye matatizo baharini, mara nyingi si kwa sababu ya dhoruba. Ni kwa sababu walikwenda mbali wakiamini kurudi kutakuwa kama kwenda.

Hebu tuipige hesabu. Usiogope, ni ile vekta uliyoikimbia shuleni, na safari hii ina faida.

Upepo unaouhisi si upepo uliopo

Umewahi kupanda bodaboda siku ambayo hata jani halitikisiki, lakini ukiwa juu ya pikipiki shati linajaa upepo kama puto? Huo upepo umeutengeneza wewe kwa mwendo wako. Sasa fikiria upepo wa kweli unavuma kutoka nyuma yako, na wewe unakimbia kuelekea unakokwenda. Mnafuatana. Unaouhisi ni tofauti tu ya kasi zenu.

Kuanzia takriban Aprili hadi Septemba, pwani yetu inatawaliwa na kusi, upepo unaotoka upande wa kusini na kusini-mashariki. Mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Lamu na Manda umelala karibu mstari huo huo, Shela ikiwa upande wa kusini, mjini kaskazini. Kwa hiyo asubuhi ile mlikuwa mmepewa mgongo na upepo.

Tuseme upepo ulikuwa kilomita 20 kwa saa na mashua ikaenda kilomita 8 kwa saa. Mlichohisi ni 20 kutoa 8, yaani 12. Upepo wa kukausha nguo. Wakati wa kurudi, mashua ikienda kasi ile ile lakini ikiukabili upepo kimshazari, hesabu ya vekta inakupa kama kilomita 25 kwa saa juu ya tanga. Upepo wenyewe haujaongezeka hata chembe. Umegeuka wewe.

Na hapo bado hujafika kwenye noma yenyewe. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi yake, inapanda kwa kipeo cha pili. Upepo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Kutoka 12 hadi 25 ni zaidi ya mara mbili, kwa hiyo tanga lile lile lililokuwa limetulia asubuhi sasa linavutwa kwa nguvu inayozidi mara nne. Ndiyo maana mlingoti ulikuwa unalia.

Nahodha mwenye uzoefu hapimi upepo kwa jinsi unavyogusa uso wake akiwa anakwenda nao. Anatazama maji. Mawimbi yakianza kuvunjika na kuonyesha vichwa vyeupe huku na kule, anajua tayari kurudi kutakuwaje, hata kama abiria wake wamelala usingizi.

Kilomita 3 zinazogeuka kuwa 6

Kutoka Lamu mjini hadi Shela ni kama kilomita 3. Hakuna chombo cha tanga duniani kinachoweza kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Hata zile mashua za mamilioni za mashindano ya kimataifa haziwezi. Kinachofanyika ni kubisha: unakwenda kimshazari kulia, unageuza, unakwenda kimshazari kushoto, unageuza tena. Ni kama barabara ya Iten inavyoteremka Bonde la Kerio. Gari haliwezi kuupanda ukingo ule wima, linazungushwa kona baada ya kona hadi lifike.

Sasa swali ni unaweza kuukaribia upepo kwa pembe gani. Vyombo vidogo vya kisasa vya michezo huenda kama digrii 45 kutoka upepo ulipo. Kwa pembe hiyo, kilomita 3 zinakuwa 4 na kidogo. Mashua yenye tanga la pembetatu haikaribii hivyo. Tuseme omo, yaani mbele ya chombo, inaelekea digrii 50, na juu ya hapo mashua inasukumwa pembeni kidogo kidogo bila wewe kuona, mpaka njia yako halisi inakuwa digrii 60. Kwa digrii 60, kilomita 3 zinakuwa 6 kamili. Ukizembea ukafika 65, ni zaidi ya 7.

Soma tena hapo. Digrii 5 tu za uzembe, ambazo huwezi hata kuzitambua kwa macho, zinakuongezea zaidi ya kilomita nzima. Asubuhi mlitumia dakika 23 hivi. Kurudi, kwa kasi ile ile, ni dakika 45 kabla hata hujahesabu muda unaopotea kila mnapogeuza.

Na kugeuza kwenyewe ni kazi. Tanga la mashua limefungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoning'inia mlingotini kimshazari. Ukigeuza upande, foromali na tanga lake inafaa vihamishiwe upande wa pili wa mlingoti, na hapo mabaharia wanakimbia mbele, kamba zinapita juu ya vichwa vya wageni. Usipolihamisha, upepo unalikandamiza tanga kwenye mlingoti, umbo lake linakatika katikati na nguvu inapungua. Kwa hiyo nahodha ana uamuzi wa kufanya kila mara. Je, njia ni ndefu kiasi cha kustahili jasho hilo, au avumilie tanga baya kwa dakika mbili kisha ageuze tena? Watu wanaotazama mashindano ya mashua Lamu, yale ya Maulidi au ya Mwaka Mpya, hushangilia ile mashua inayolala sana. Mimi ningekushauri utazame kwenye kona. Pale ndipo mtu anapopitwa.

Lakini upepo unaotoka mbele unamvuta vipi mtu kwenda mbele?

Swali zuri, na wengi hawalijibu vizuri. Ukiwa na upepo nyuma, tanga ni kama mwavuli, linasukumwa tu, hata mtoto anaelewa. Ukiukabili upepo, tanga linafanya kazi ya bawa.

Nenda jikoni. Fungua mfereji maji yatoke kwa mstari mwembamba. Shika kijiko kwa ncha ya mpini, kikining'inia, kisha ukisogeze mpaka mgongo wake uguse maji. Ungetarajia maji yakisukume. Hayakisukumi. Kijiko kinavutwa kuingia kwenye maji, kwa sababu maji yanapinda kufuata ule mgongo na kumwagikia upande wa pili, na kijiko kinajibu kwa kwenda upande wa kinyume. Tanga lililojaa vizuri lina mgongo kama huo. Upepo unapinda kulifuata, na tanga linavutwa.

Tatizo ni kwamba linavutwa zaidi pembeni kuliko mbele. Hapo ndipo mkuku unapoingia, ule uti mrefu ulioko chini kabisa ya mashua ndani ya maji. Maji yanaukataza kwenda pembeni lakini yanauruhusu kwenda mbele. Bana mbegu ya tikitimaji iliyolowa kati ya vidole viwili uone inavyoruka. Mashua yako ndiyo mbegu, upepo ni kidole kimoja, bahari ni kingine.

Mkuku wa mashua zetu ni mrefu lakini si wa kina kirefu, na kuna sababu. Chombo kinaegeshwa mchangani, kinapita juu ya miamba, kinaachwa kikae maji yanapokupwa. Bei ya urahisi huo ni kuteleza pembeni. Ukitaka kuona, simama nyuma ya mashua utazame ule mkondo wa mapovu unaoachwa majini. Kama uko sawasawa na mstari wa chombo, mambo ni shwari. Ukiona umepinda kuelekea upande unakotoka upepo, mashua inateleza kwenda ule mwingine, na zile kilomita 6 zinaongezeka.

Kosa la wanafunzi wengi wa kwanza ni kuvuta demani, kamba inayolidhibiti tanga, mpaka tanga likaze kama ngoma. Linaonekana zuri, linaonekana lina nguvu. Lakini upepo hauwezi tena kupinda vizuri, unavunjika nyuma yake, na mashua inalala bila kwenda. Dawa ni rahisi. Legeza demani mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kupapatika, kisha vuta polepole mpaka utulie, halafu acha hapo. Ukiwa na shaka, legeza.

Urefu, uzito na uchafu

Labda unajiuliza, kama upepo una nguvu mara nne, kwa nini mashua isiende kasi mara nne turudi haraka tukale?

Kwa sababu chombo kinachosukuma maji kina kikomo chake. Kinatengeneza wimbi mbele na jingine nyuma, na kadiri kinavyokimbia ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, mpaka linalingana na urefu wa chombo chenyewe. Hapo mashua inakuwa kama mtu aliye kwenye shimo anajaribu kupanda kilima alichokichimba mwenyewe. Chukua urefu wa chombo majini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5. Hicho ndicho kikomo cha kilomita kwa saa, kwa makadirio. Mita 4 inakupa 9. Mita 9 inakupa 13.5.

Unaikumbuka Flipflopi? Ile jahazi iliyojengwa Lamu kwa taka za plastiki na kuzinduliwa 2018, ikiwa imevishwa vipande vya ndala vya kila rangi. Urefu wake ni kama mita 9. Mwanzoni mwa 2019 ilitoka Lamu hadi Zanzibar, safari ya kilomita 500 hivi. Kwa hesabu yetu, hata kama ingesukumwa kwa kikomo chake saa zote bila kusimama, isingefika chini ya saa 37. Na angalia waliondoka lini. Msimu wa kaskazi, upepo ukitoka kaskazini-mashariki, wakielekea kusini. Waliochagua tarehe hiyo walijua wanachofanya. Ni hesabu ile ile iliyowapeleka majahazi ya Waarabu na Waswahili huku na huko kwa karne nyingi: njoo na kaskazi, rudi na kusi.

Kikomo hicho kinavunjwa na vyombo vyepesi sana. Ile mashua ya mtu mmoja inayotumika Olimpiki, ILCA, ambayo zamani iliitwa Laser, ina urefu wa mita 4.23 na ganda lake lina uzito wa kama kilo 59 tu. Kwa hesabu yetu ingekwama karibu na 9, lakini upepo ukiwa mzuri inapanda juu ya wimbi lake na kuteleza juu ya maji, ikapita 20. Ngalawa nayo ina ujanja wake. Mwili wake ni mwembamba, hautengenezi wimbi kubwa, na ile mirengu ya pembeni inauzuia usipinduke.

Mashua ya mbao yenye abiria sita haina ujanja wowote kati ya hiyo. Ikishafika kikomo, nguvu yote ya ziada ya upepo haiendi kwenye mwendo. Inakwenda kwenye kulala ubavu. Ndiyo sababu manahodha hubadilisha tanga kubwa kwa dogo upepo ukizidi, na mashua haipunguzi mwendo kwa kiasi unachodhani.

Uchafu nao ni adui wa kimyakimya. Majani ya bahari na magamba yaking'ang'ania chini ya chombo, unaburuta zulia. Ukiona mashua imelazwa ufukweni watu wanaisugua na kuipaka deheni, wananunua mwendo wao wa wiki zijazo.

Wewe ni uzito, kubali

Turudi kwa ile kelele ya nahodha, "Njooni huku juu!" Mgeni anaweza kudhani anafokewa. Ukweli ni kwamba wakati ule wewe ni sehemu ya mashine. Mashua ikilala, tanga linaupa upepo eneo dogo zaidi, mkuku unapoteza mshiko majini, na chombo kinaanza kutaka kujigeuza chenyewe kuelekea upepo. Nahodha analazimika kukizuia kwa usukani, na usukani uliopindwa sana ni breki. Kwa hiyo kulala kule kunakoonekana kama kasi kwenye video, kwa kweli ni hasara.

Mtu wa kilo 70 akikaa mita 2 kutoka katikati ya chombo anasaidia mara mbili ya akikaa mita 1. Ndiyo maana kwenye mashua za Lamu utaona ubao ukisukumwa nje ya ubavu wa upande wa upepo, na mabaharia wakakaa juu yake huku miguu ikining'inia baharini. Si sarakasi hiyo, ingawa hawakatai kupigwa picha.

Upepo ukija kwa ghafla, kinachookoa ni sekunde mbili za kulegeza demani. Kama umeiona kamba hiyo imefungwa fundo gumu na hakuna aliyeishika, una haki ya kuuliza kwa adabu, "Nahodha, hii tukiihitaji inafunguka?"

Kisha kuna maji yenyewe

Nimeacha jambo hili mwisho lakini pengine ndilo zito kuliko yote. Tumesema mashua inakwenda kilomita 8 kwa saa kwa pembe ya digrii 60. Ukweli wa kwenda kwake kuelekea Shela ni nusu ya hiyo, kilomita 4 kwa saa. Sasa tuseme maji yanakupwa au kujaa na mkondo unapita mlangoni kwa kilomita 2 kwa saa. Ukiwa pamoja nawe, 4 inakuwa 6, unafika kwa nusu saa. Ukiwa dhidi yako, 4 inakuwa 2, na kilomita 3 zile zinakula saa moja na nusu. Mashua ile ile, upepo ule ule. Tofauti ni saa nzima, na kama mlichelewa kuondoka kwa sababu mtu alikuwa anatafuta kofia ya kununua, saa hiyo ndiyo tofauti kati ya kufika mchana na kufika gizani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanakwenda kwa nguvu zaidi.

Wavuvi wa tanga hawakuhitaji kuambiwa haya na gazeti. Wanatoka alfajiri na umande, upepo unaotoka nchi kavu kuelekea baharini, na wanarudi mchana bahari inapoanza kuvuma kuelekea nchi kavu. Njia ya nyumbani wanaiwekea upepo wa nyuma, wakiwa wamechoka na chombo kimejaa samaki.

Wewe pia unaweza. Siku nyingine mkiwa na hiari ya kuchagua, mwombeni nahodha aanze na upande mgumu, abishe kwanza kuelekea upepo wakati bado mna nguvu na jua liko juu, kisha mrudi mkisukumwa. Ila kama mmelala Shela na kusi linavuma, hiari hiyo hamna. Basi muulizeni asubuhi kabla hamjapanda: maji yatageuka saa ngapi, na mwisho wa kuondoka mjini ni saa ngapi? Atakujibu bila kutazama saa. Hesabuni majaketi ya kuokoa maisha, yule asiyejua kuogelea avae lake tangu mwanzo hata kama picha zitaharibika, akae karibu na nahodha.

Na simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji mkiwa bado gatini. Tanga likishageuka kuelekea upepo, mikono yote miwili itakuwa na kazi.